Si kweli kwamba muziki wa okestra ndio pekee "wa akili"

Huenda ujumbe huu umeshakufikia kwenye kundi la gumzo, mara nyingi ukiwa na picha ya fidla: muziki wa kale wa Ulaya, ule wa okestra, ni wa kitaalamu, wa siku hizi ni kelele zinazojirudia.

Kuna chembe ya ukweli. Simfonia, yaani utungo mrefu wa okestra, inaweza kuchukua dakika 40, ikihama kutoka ufunguo mmoja (kundi la noti ambalo muziki unajengwa juu yake) hadi mwingine na kupangilia vyombo lukuki. Ila huo ni ugumu wa aina moja. Vaa spika za masikioni, chagua wimbo wa kisasa, usikilize mara tatu: kwanza ngoma tu, kisha besi, kisha sauti ya mwimbaji. Katika nyimbo kadhaa utakuta ngoma ikichelewa kidogo, kwa makusudi, na sauti moja imerekodiwa tabaka juu ya tabaka. Vitu hivyo nota za karatasi huvinasa kwa shida, na hapo ndipo wengi huteleza: kisichoandikika tunakiona hakipo.

Halafu sikiliza walzi, muziki wa dansi wa Ulaya, za karne ya 19. Nyingi zinaegemea zaidi kodi mbili tatu, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja (na ni tamu!).

Tena tunalinganisha kazi chache zilizopita kwenye chujio la miaka 200 na kila kinachotoka wiki hii. Kazi hafifu za zamani zilishasahaulika.

Kupenda okestra kuliko rap ni haki yako. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze. Mwombe aliyeutuma ausikilize wimbo mmoja kwa njia hiyo ya mara tatu.