Sumukuvu: kiwango ni kimoja, walaji si wamoja

Mahindi yanayouzwa kihalali popote ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayatakiwi kuzidisha mikrogramu 10 kwa kilo za aflatoksini, yaani sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, na aina yake iliyo kali zaidi, B1, isizidi 5. Umoja wa Ulaya umeweka 4 na 2 kwa mahindi yaliyo tayari kuliwa. Marekani inaruhusu hadi 20. Kila tunapozungumza na madiwani au wafanyabiashara wa nafaka, swali la kwanza huwa hilohilo: ikiwa sumu ni moja, mbona viwango vinapishana, na nani alivipanga?

Maabara ilishajibu upande wake. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na uchunguzi ukafika kwenye ukungu uitwao Aspergillus flavus. Ukungu huo hushambulia mahindi na karanga tangu shambani, hasa mmea ukipigwa na ukame au kutobolewa na wadudu, kisha hushamiri ghalani nafaka ikiwekwa na unyevu. Sumu yake haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, umeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo bila shaka husababisha saratani kwa binadamu.

Lakini kujua kuwa kitu ni sumu hakutoshi kuandika sera. Tathmini ya vihatarishi huanza pale maabara inapoishia, kwa kuuliza nani anakila, kwa kiasi gani, mara ngapi, na ana uzito gani. Tufanye hesabu ya mfano. Mtu mzima wa kilo 60, anayekula ugali mchana na usiku, anaweza kumaliza gramu 400 za unga kwa siku. Unga huo ukiwa na mikrogramu 10 kamili kwa kilo, yaani umefaulu kipimo, anameza mikrogramu 4, sawa na nanogramu 67 kwa kila kilo ya mwili wake (mikrogramu moja ni nanogramu elfu moja). Mtoto wa kilo 9 anayenyweshwa uji uliotokana na gramu 120 za unga huohuo anapata nanogramu 133 kwa kilo, karibu mara mbili ya baba yake. Sasa mchukue mlaji wa Ulaya wa kilo 70 anayekula gramu 20 za mahindi kwa siku, tena yaliyo kwenye ukomo wao wa 4. Anapata nanogramu moja na ushee. Anayekula kidogo ndiye aliyewekewa ukomo mkali, na anayekula kila siku amewekewa ulegevu zaidi.

Wengi wakifika hapa hutaka tushushe kiwango chetu kesho. Si rahisi hivyo, na si kwa sababu ya uzembe wa mtu. Mwaka 1997 kamati ya wataalamu wa mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, FAO na WHO, iitwayo JECFA, ilipiga hesabu ya kushusha ukomo kutoka 20 hadi 10. Ilikuta kwamba palipo na watu wachache wenye virusi vya homa ya ini aina ya B, faida ni ndogo sana. Palipo na wengi, faida inaongezeka. Sababu ni kwamba kwa mwenye virusi hivyo, kiasi kilekile cha B1 kina nguvu ya kuleta saratani ya ini takribani mara 30 kuliko kwa asiye navyo. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B, ambayo Tanzania iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2002, ni kinga dhidi ya madhara ya sumukuvu. Hutaikuta kwenye kiwango chochote cha nafaka, na mara nyingi watu wa chanjo na watu wa viwango hawakai meza moja.

Kuna jambo jingine ambalo ukomo wa kwenye karatasi hauligusi. Mahindi yaliyokataliwa sokoni hayayeyuki. Mengine hurudi kwenye chungu cha mwenyewe, mengine huenda kwa kuku na ng'ombe, mengine kwenye pombe ya kienyeji. Ng'ombe akila chakula chenye B1, maziwa hutoka na aina nyingine ya sumu hiyo, M1. Sera inayokaza mlango mmoja bila kuangalia mzigo unaelekea wapi humhamishia sumu mtu asiye na sauti.

Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa zimeathirika zaidi, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa aflatoksini. Kenya ilikuwa na ukomo wa kisheria wa 20 wakati huo. Uchunguzi ulionyesha uhusiano na mahindi yaliyolimwa nyumbani na kuwekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, 20 wakafariki, na Tanzania ilikuwa na ukomo wa 10. Mkaguzi wa soko hawezi kufika kwenye kihenge cha mkulima anayekula alichovuna.

Upande wa sokoni nako kuna mtego. Sumukuvu haitawanyiki sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Ukichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, mara moja pembeni ya gunia moja, utapata jibu la pembe ile tu. Ndiyo maana shehena moja inaweza kufaulu Dodoma na kuanguka Nairobi bila mtu yeyote kudanganya. Kuchukua sampuli nyingi ndogo sehemu mbalimbali, kuzichanganya na kuzisaga pamoja kabla ya kupima, ni kazi inayochosha na inayogharimu. Bila hiyo, mashine ya mamilioni inapima bahati.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ndani ya siku chache zuio likabadilishwa kuwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha uko chini ya 10. Nchi ina haki ya kulinda walaji wake. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea, SPS, wa mwaka 1995, unaikubali haki hiyo, ila unataka hatua itokane na tathmini ya kihatarishi. Kwa mtazamo wangu, hatua ya pili ilikuwa na sayansi kuliko ya kwanza. Ukungu haujui mpaka wa Namanga: Novemba 2019 Kenya yenyewe ilikuwa imesimamisha chapa tano za unga wa sembe kwa sababu hiyohiyo. Kuupima mzigo kuna maana kuliko kuipima bendera.

Sehemu inayotukosesha usingizi zaidi, hata hivyo, ni uji wa mtoto. Kwa miaka mingi mama zetu wamefundishwa kuchanganya unga wa lishe, na mchanganyiko maarufu una mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa kupata sumukuvu. Ushauri ulitolewa kwa nia njema, na karanga zina mafuta na protini ambayo mtoto anahitaji. Dona nayo husifiwa, kwa haki, kwa virutubisho vyake, ilhali kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu kwa kuwa hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa usalama wa chakula wakimpa mama mmoja maelekezo yanayopingana, atamsikiliza aliyekuja mwisho. Hapa ndipo tathmini ya pamoja inapohitajika, ipime faida na madhara kwenye bakuli moja. Kupunguza mahindi na kuongeza ulezi, mtama au mchele, kuchambua karanga kwa mkono na kutupa zilizosinyaa au kubadilika rangi, ni mambo ambayo kliniki inaweza kuyasema bila kusubiri kiwango kipya.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara ilihamisha usimamizi wa chakula kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinga iko Wizara ya Kilimo, kwa maafisa ugani na kwenye maghala. Kiwango cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na mkulima hawezi kuujua kwa kung'ata punje. Aflasafe, ukungu rafiki usiotengeneza sumu unaomwagwa shambani kuupiga kumbo ule mbaya, inafanya kazi ikiwekwa wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua. Ikichelewa ni fedha iliyotupwa.

Hivyo halmashauri ikituuliza "je, mahindi yetu yana sumu?", tutapima na kujibu, na jibu litakaa kwenye faili. Ikituuliza "kwa bajeti hii, tununue maturubai na vipima unyevu vya kila kijiji, au Aflasafe kwa kata tatu zenye ukame, au tubadilishe mafunzo ya uji kliniki, na kipi kitapunguza zaidi sumu anayokula mtoto wa chini ya miaka miwili?", tunaweza kuifanyia hesabu. Tutahitaji takwimu za ulaji wa kaya, vipimo vya ghalani wala si vya sokoni pekee, na muda. Muda wenyewe ni kabla bajeti haijapitishwa, maana baada ya mavuno maturubai hayatakuwa na cha kuanika.