Mfumo laivu: kuionja Linux kabla ya kuisakinisha

Mfumo laivu ni mfumo endeshi kamili (programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows au Linux) unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi au DVD, bila kusakinishwa kwenye diski ya kompyuta. Unachomeka flashi, unawasha mashine, na baada ya dakika chache Linux Mint au Ubuntu iko mbele yako na kivinjari chake, programu za kuandikia na mipangilio yote. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows inawaka kama ulivyoiacha.

Kinachowezesha haya ni ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mfumo umebanwa ndani ya faili moja kubwa kwenye flashi, nalo husomwa tu, haliandikwi. Kila unachobadilisha, iwe picha ya ukutani au programu uliyoongeza, huwekwa kwenye tabaka la pili linalokaa ndani ya ramu, na ramu haibaki na kitu mashine ikizimwa. Kwa hiyo andika barua, ihifadhi pale mbele kwenye kioo, zima, washa tena: barua haipo. Hakuna kilichoharibika, ndivyo ulivyoundwa. Ukitaka kazi yako ibaki, ihifadhi kwenye flashi nyingine, au tenga sehemu ya flashi hiyohiyo kwa ajili ya kumbukumbu, jambo ambalo distro kadhaa (matoleo ya Linux, kama Mint na Ubuntu) zinaliruhusu.

Aliyeueneza mtindo huu ni Klaus Knopper wa Ujerumani, kwa distro yake Knoppix iliyotoka mwaka 2000. CD moja ya MB 700 ilibeba programu za karibu GB 2, zikifunguliwa kadiri zinavyohitajika. Ubuntu, ambayo jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu, mwanzoni ilitoa CD mbili: moja ya kujaribia, nyingine ya kusakinishia. Toleo la 6.06 la Juni 2006 liliziunganisha, na tangu hapo unayojaribu ndiyo hiyo unayosakinisha.

Kuandaa flashi si kazi ngumu. Pakua faili la ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, kutoka tovuti ya distro yenyewe. La Linux Mint ni kama GB 3, kwa hiyo flashi ya GB 8 inatosha. Bando likikatika katikati, faili linaweza kufika na kasoro, basi linganisha namba yake ya SHA256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) na iliyoandikwa kwenye tovuti. Kisha tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuliandika kwenye flashi. Kulinakili tu kama unavyonakili wimbo hakutoshi, mashine haitawaka nalo. Na kila kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika. Wakati wa kuwasha, bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP mara nyingi F9.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza nafasi. Wanatazama rangi na menyu, wanasema imependeza, wanasakinisha. Kinachojaribiwa hasa ni kama distro hiyo inaelewana na kompyuta yako. Anza na Wi-Fi, maana kadi kadhaa za Broadcom huhitaji programu ya ziada, na kuipata bila intaneti ni mateso. Cheza muziki kwa spika, halafu kwa visikizi. Punguza mwanga wa kioo kwa vitufe vyake. Fungua kamera, chapisha ukurasa mmoja kwenye printa yako. Mwisho funga kifuniko cha laptopu, hesabu hadi thelathini, kifungue. Nilikuwa na laptopu ya mtumba iliyofaulu yote hayo ikashindwa hili la mwisho: kioo kilibaki cheusi mpaka niizime kwa nguvu. Nilijaribu distro nyingine yenye kernel (kiini cha mfumo) mpya zaidi, ikaamka vizuri, nikasakinisha hiyo. Jaribio lilinichukua jioni moja na halikugusa faili hata moja.

Usiupime mwendo wake, lakini. Flashi husoma polepole kuliko SSD (diski ya kasi ya ndani ya kompyuta), hasa kwenye tundu la USB 2.0, kwa hiyo programu kuchelewa kufunguka si dalili kwamba Linux ni nzito.

Tangu Windows 10 iachwe bila masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi ambazo Windows 11 inazikataa bado ni nzima kabisa. Kabla hujaiuza yako kwa bei ya kutupa, ijaribu na flashi.

Tahadhari ni moja, nayo ni nzito. Mfumo laivu hauigusi diski yako mpaka wewe uuambie, lakini unaiona, na kwa kawaida hauulizi nywila. Ukibofya alama ya kusakinisha ukachagua kufuta diski yote, umeifuta kweli. Kuiona huko kuna faida pia. Windows ikigoma kuwaka, washa kwa flashi, fungua diski, nakili picha na nyaraka zako kwenda kwenye diski ya nje. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa hiyo utafute na uuandike mahali leo, mashine ikiwa bado inawaka.