Hewa Ukaa ya Saruji Inatoka Kwenye Jiwe Lenyewe

Tangu tozo ya kaboni ya Umoja wa Ulaya, inayotozwa bidhaa kama saruji na chuma zinazoingia Ulaya kulingana na hewa ukaa iliyotolewa kuzitengeneza, ilipoingia awamu yake kamili tarehe 1 Januari 2026, tumekuwa tukiulizwa kama viwanda vyetu vya saruji hapa Tanzania vitafungwa. Havitafungwa kwa sababu hiyo. Saruji yetu inayovuka mpaka huenda kwa majirani kama Rwanda, Burundi na Kongo, na anayelipa tozo ni mwagizaji aliyeko Ulaya. Huyo, akivusha zaidi ya tani 50 za bidhaa husika kwa mwaka, lazima awe ameidhinishwa. Ataanza kununua vyeti vya kulipia hewa ukaa hiyo Februari 2027 na kuwasilisha hesabu yake ya kwanza ifikapo tarehe 30 Septemba 2027. Akipunja vyeti, faini huanzia yuro 100 kwa kila tani ya hewa ukaa isiyolipiwa, ikipandishwa kufuata mfumuko wa bei, na deni lenyewe linabaki palepale. Muuza chuma wa kwetu anayeuza Ulaya anatakiwa kumpa mnunuzi wake takwimu sahihi, basi.

Suala zito liko hapa nyumbani. Malalamiko tunayopokea kuhusu viwanda vya saruji ni ya vumbi. Ni ya haki, yaendelee kuletwa. Ila vumbi si hewa ukaa. Vumbi hunaswa na vichujio. Hewa ukaa haionekani na hupita humohumo. Bomba la kiwanda linaweza kuonekana safi kabisa huku likitoa maelfu ya tani.

Wengine hutuambia kiwanda kikitumia gesi asilia tatizo limekwisha. Hapana, na hili tumelieleza mara nyingi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kimekuwa kikipata gesi ya Songosongo tangu 2004, na gesi ni afadhali kuliko makaa ya mawe. Lakini saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa hadi nyuzi 1,450 hivi, na kila kilo 100 za chokaa safi hutoa kilo 44 za hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe, uchome kwa gesi, kuni au umeme. Tani moja ya klinka, yaani vipande vigumu vinavyotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, hutoa zaidi ya nusu tani kwa njia hiyo, kabla hujahesabu moto.

Nafuu kubwa, basi, ni kupunguza klinka kwenye mfuko. Kwenye saruji iliyopunguzwa klinka kutoka asilimia 90 hadi 75, kila tani milioni moja huokoa karibu tani 80,000 za hewa ukaa ya jiwe peke yake. Majivu ya volkano ya Mbeya yanafaa kwa kazi hiyo. Saruji ya namna hii si feki, kama mafundi wengine wanavyodai. Cha kuangalia ni daraja lililoandikwa kwenye mfuko.

Mitaji ya nje tunaihitaji. Dangote walifungua Mtwara mwaka 2015 kiwanda cha uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na Huaxin ya China ilichukua kiwanda cha saruji cha Maweni, Tanga, mwaka 2020. Ajira zipo, saruji ipo. Lakini tanuri likishajengwa hudumu miaka 30 na zaidi, kwa hiyo aina ya tanuri na kiwango cha klinka vijadiliwe mradi ukiwa bado kwenye makaratasi.

Hapo ndipo wawekezaji wanapokosea, na washauri wao wanajua. Cheti cha uwekezaji si cheti cha mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema wazi kwamba kibali cha sheria nyingine yoyote hakimruhusu mtu kuanza mradi bila cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi husajiliwa kwanza, hadidu za rejea (mambo ambayo tathmini itachunguza) hupitishwa, wataalamu waliosajiliwa hufanya tathmini, wananchi husikilizwa, ripoti hupitiwa, ndipo uamuzi hutolewa. Anayeruka hatua hizo anajiweka kwenye faini, kifungo au vyote viwili. Kusema "mkuu fulani alituruhusu" si utetezi.

Nanyi wananchi mnaoitwa kwenye mkutano wa maoni, fikeni. Baada ya fidia na ajira, ulizeni pia: klinka asilimia ngapi, mafuta gani tanurini, na nani atapima. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari kabla hamjasaini mahudhurio.