Morfini hutolewa kwa saa, si kwa kilio

"Dawa hii tuitunze mpaka azidiwe." Hakuna kauli inayowatesa wagonjwa wa tiba shufaa (tiba ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito) kama hii, na anayeuguza huteseka naye. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutuliza kwa saa nne hivi. Ukingoja mgonjwa aanze kulia, maumivu yameshaipita dozi na mtakesha wote wawili. Mpeni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Ya saa 4 usiku kwa kawaida huandikwa maradufu, ili asiamshwe saa 8 usiku, na wewe ulale.

Maumivu yakichomoza katikati, mpe dozi ya ziada iliyoandikwa na mhudumu wa afya, weka saa kwenye daftari, na ile ya kawaida ibaki palepale. Ziada zikirudiarudia kila siku, mwonyeshe mhudumu daftari, dozi haitoshi. Usiongeze kwa kukisia.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Chupa mpya ikija, soma kibandiko kwanza: miligramu 5 kwa mililita 5 si sawa na miligramu 50 kwa mililita 5. Ukivuta mpaka mstari uleule uliouzoea, umempa mara kumi.

"Itamuua, au atakuwa teja." Kwa dozi iliyopangwa, hapana. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupungua. Asipoamshika, au pumzi zikiwa chache mno, usimpe nyingine. Mpigie mhudumu simu papo hapo. Mwili huizoea, ndiyo maana haikatwi ghafla, lakini huko si uteja. Kisichopungua ni kufunga choo: dawa ya kulainisha ianze siku ileile ya morfini. Wengi huigomea morfini kwa sababu ya tumbo, si maumivu.

"Asipokula njaa itamuua." Siku za mwisho mwili hauhitaji tena chakula, na uji wa kulazimishwa huweza kuingia mapafuni. Lowesha kinywa kwa kitambaa safi, paka midomo mafuta.

"Binti yake yupo, anatosha." Hatoshi! Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, usiku na mchana, si kazi ya mtu mmoja. Ndugu, chukueni usiku mbili kwa wiki, na kabla binti hajaenda kulala awaonyeshe daftari, bomba na mstari wa dozi.