Mpira wa puani kwa mjamzito anayetapika sana

Mjamzito anayerudisha hata maji, akapungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba, ni mgonjwa. Msimwambie "utazoea". Aletwe hospitali apate dripu na dawa za kuzuia kutapika. Zikishindwa, tunaweza kumwekea mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, alishwe chakula cha maji kidogo kidogo.

Wengi huuliza kama mpira utamdhuru mtoto. Mpira umepita kwenye njia ya chakula, haufiki alipo mtoto. Ninachokihofia mimi ni ncha yake kuwa kwenye njia ya hewa, chakula kikaishia mapafuni. Ndiyo maana muuguzi huvuta kwanza majimaji kwa bomba la sindano na kuyagusisha kwenye karatasi ya pH, inayopima asidi: kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo asidi ilivyo nyingi. Ikisoma 5.5 au chini ya hapo, mpira uko tumboni. Majimaji yasipopatikana, au karatasi ikisoma juu zaidi (omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo, hupunguza asidi), anapigwa eksirei ya kifua. Akina mama huiogopa, lakini mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Ule mtindo wa kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu hautoshi. Mlio husikika hata mpira ukiwa pasipostahili.

Kipimo cha karatasi ya pH hurudiwa kila kabla ya kulisha, maana mama huyu bado anatapika, na tapiko moja la nguvu laweza kuurudisha mpira hadi kooni. Tazameni alama ya kalamu pale mpira unapoingia puani: ikiwa imesogea, au mama anakohoa na kukosa pumzi, acheni kulisha na muiteni muuguzi papo hapo. Alishwe ameinuliwa kifua, abaki hivyo walau nusu saa. Uji mzito wa nyumbani msiupitishe, utaziba.

Kuna jambo ambalo ndugu anayeuguza anapaswa kuliuliza bila woga: "Ameshapewa thiamini?" Wiki kadhaa za kutapika humaliza thiamini, yaani vitamini B1, mwilini, na glukosi (sukari ya dripu) au chakula kikitangulia kabla yake, ubongo unaweza kudhurika: macho yanachezacheza, mama anayumba, anachanganyikiwa. Baada ya thiamini, chakula kianze kwa kiasi kidogo, huku damu ikipimwa potasiamu, fosfeti na magnesiamu, kwani mwili uliokaa na njaa ukishibishwa ghafla, madini hayo hushuka na moyo unaweza kuyumba.