Kwa nini spika ya "wati 1000" huzidiwa na ya wati 50?

Igeuze sabufa iliyoandikwa "1000W PMPO" usome kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Mara nyingi utakuta kitu kama 220–240V, 50Hz, 60W. Hizo 60 ndizo wati inazovuta ukutani, na mashine haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachokula. Ile 1000 ya PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua, tena hakuna kanuni moja ya kuipima. Kila mtengenezaji hujipimia. Dukani ulizia RMS, yaani wati za kudumu.

Hata RMS peke yake haikuambii spika itapaza sauti kiasi gani. Tafuta sensitiviti: desibeli zinazopimwa mita moja mbele ya spika inapopewa wati moja. Kila desibeli 3 za nyongeza zinataka wati maradufu. Basi spika ya desibeli 92 ikipewa wati 10, ya desibeli 86 itadai wati 40 ili kuifikia. Sikio nalo halioni sauti imekuwa kubwa mara mbili mpaka ziongezeke desibeli kama 10, ambazo ni wati mara kumi. Ndiyo maana ukitoka wati 50 kwenda 100 unalipia tofauti ndogo. Kwa sebule ya kawaida, wati 10 za kweli zinatosha kumfanya jirani agonge mlango.

Kinyume na wengi wanavyodhani, amplifaya dhaifu huunguza spika pia. Ukiikaza hadi mwisho, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, sauti inakwaruza, na wa kwanza kufa huwa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Angalia na ohm, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme: spika mbili za ohm 8 zikiungwa sambamba kwenye tundu moja huwa ohm 4. Amplifaya iliyoandikwa ohm 6–16 itachemka, au itajizima.

Kwa muziki, ambao kwa kawaida hurekodiwa kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, spika mbili nzuri zinashinda seti ya tano zinazouzwa kwenye boksi moja. Kwa filamu, maneno mengi hupita spika ya kati. Kama huna, ingia kwenye mipangilio ya risiva, ile amplifaya inayoendesha spika zote za filamu, uiambie spika hiyo haipo, ili maneno yagawiwe kushoto na kulia. Usipofanya hivyo milipuko itatikisa vioo huku waigizaji wakifungua midomo tu.

Sabufa iachie sauti za chini ya 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde), yaani besi nzito. Hapo sikio hutambua kwa shida besi inatoka upande gani, kwa hiyo unaweza kuiweka karibu popote, ila kwenye kona besi huvimba na kuvuma.

Na ukikaa katikati ya spika mbili ukaona besi imeyeyuka, usikimbilie kununua nyingine. Huenda waya za spika moja zimegeuzwa: koni moja (ile sehemu ya spika inayotikisika) inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi zinauana. Zima kila kitu, chomoa waya kwenye amplifaya, kisha gusisha ncha zake kwa sekunde moja kwenye betri ya volti 1.5. Koni ikiruka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikizama ndani, umezigeuza.