Vumbi la Banda la Kuku Laweza Kudhuru Ubongo? Maswali na Majibu

Nafuga kuku Kisauni. Kila nikizoa maranda bandani, usiku wake kichwa huniuma na mwili huwa mzito. Je, ni vumbi?

Huenda ikawa ndilo. Vumbi la bandani si mchanga mtupu, bali ni mchanganyiko wa kinyesi kilichokauka, manyoya, chakula cha kuku, ukungu na mabaki ya bakteria, ambayo hubeba sumu iitwayo endotoksini. Mtu akivuta vumbi hilo kwa wingi, saa 4 hadi 12 baadaye anaweza kupata homa, kikohozi na maumivu ya kichwa na viungo. Dalili hizo hufanana na za malaria, na hapa Pwani wengi humeza dawa ya malaria kabla ya kupimwa.

Vumbi huingia mapafuni, ubongo unahusikaje?

Mapafu yakichokozwa, seli za kinga hutoa kemikali za kupashana habari, zikiwemo saitokini, ambazo huingia katika damu na zinaweza kuulegeza ukuta unaoukinga ubongo. Chembe ndogo mno, nazo, zaweza kupanda kwa kufuata neva ya kunusia. Ubongoni zimo seli za ulinzi ziitwazo maikroglia; zikishazinduliwa hutoa saitokini zao wenyewe, na hapo ndipo mchochota, yaani mwitikio wa kinga dhidi ya kichokozi, unapoanza. Ukitulia mapema ni kinga. Ukidumu, waweza kuziumiza seli za neva zilizokusudiwa kulindwa.

Basi nitapata ugonjwa wa kusahau?

Hilo halijathibitishwa. Maikroglia zilizozinduka zimeonekana kwa panya wa maabara waliovutishwa vumbi la mabanda ya nguruwe, na panya si binadamu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, sababu ya kupunguza vumbi ipo tayari, kwani madhara yake kwa mapafu yanajulikana vyema.

Nikijifunga leso puani, yatosha?

Haitoshi. Leso huzuia manyoya, lakini chembe zilizo chini ya mikromita 2.5, zinazofika ndani kabisa ya mapafu, hupenya. Vaa barakoa ya N95 na uibane vizuri puani. Ndevu huiachia upenyo. Nyunyizia maranda maji kidogo tu kabla ya kuyazoa, maana yakilowa huota ukungu, kisha simama upande unakotoka upepo. Ukishikwa na homa au kifua kikabana, nenda hospitali, na umweleze daktari kwamba ulikuwa ukisafisha banda.